Sahani ya Mama Lusungu

Kwetu Mtoni sahani ya jirani hairudi tupu. Mtoto anaijua sheria hiyo kabla hajajua kuandika jina lake. Mwenzio akikuletea mihogo, unakula, unaosha sahani yake, unaiweka juu ya kabati, na siku utakayopika cha kueleweka unamrudishia ikiwa na kitu. Kama huna kitu kabisa unatia hata ndimu, hata kibaba cha chumvi. Sahani tupu ni tusi. Nimeishi katika ua huu tangu mwanangu Anwar yuko tumboni na sijaona mtu akimfanyia mwenzie hivyo, hata wale waliokuwa hawasemeshani kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia.

Hayo walitakiwa kuyajua wale waliotuletea dawa, maana mengine yote waliyajua. Walijua uzito wa watoto wetu, walijua tunachota maji wapi na choo tunachangia na nani. Walifika mpaka kuuliza kama chumba changu kina dirisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: mama, wewe ukiwa na kitu kizuri na jirani yako hana, huwa unafanyaje? Wangeuliza hilo moja tu, leo nisingekuwa na hasira hii ambayo naamka nayo na kulala nayo.

Jina langu Nusaiba, mtu wa Lindi kwa baba na kwa mama. Chumba changu kinatazamana na cha Tekla, katikati kuna bomba na majiko ya mkaa ya ua mzima. Tekla ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki asiyekosa Jumapili, anauza nguo za watoto za mitumba pale soko la Sterio. Tulijuana kwa kilio. Wiki aliyohamia, mifupa ilimbana Anwar, akawa analia kama walivyo watoto hawa, kilio cha kuishiwa pumzi. Nikiwa namkanda kwa maji ya moto nikasikia kilio kile kile kinatoka chumba cha pili. Mama wa mtoto mwenye sikoseli hahitaji kuelezwa sauti ile ni ya nini. Nilivuka ua na beseni langu mkononi, nikamkuta Tekla kampakata Lusungu, binti yake, na hakuna kati yetu aliyejitambulisha. Nilikaa chini nikaanza kukanda mguu mmoja, yeye mwingine.

Madaktari huuita selimundu. Damu yenyewe inajikunja, inaziba njia zake, na mtoto anasikia kama mifupa inavunjwa moja moja. Dawa ya zamani ipo na watoto wengi inawafaa. Wetu iliwakataa wote wawili, kila walipopewa, damu ilishuka mpaka wakaongezewa ya watu. Kwa hiyo tuliishi kwa maji ya moto, vidonge vya maumivu na dua, yeye zake na mimi zangu.

Na tuliishi kwa sahani. Tekla akitaka kula kuku humpelekea jirani Mwislamu amchinjie, ili nyama iweze kuvuka ua kuja kwangu. Sikumwomba afanye hivyo. Mimi nikiletewa ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu Lindi, ya kwanza kuiva ni yake. Sahani yake ni ya bati, nyeupe, ina maua mekundu ukingoni na sehemu moja imebanduka rangi. Ningeijua hata gizani.

Basi, siku ya kliniki ya sikoseli pale Temeke walitukalisha kwenye mabenchi wakatugawia soda. Ukipewa soda kliniki ujue kuna jambo. Sista Jesca, nesi tuliyemzoea, akasimama na makaratasi yake. Kuna kampuni ya ng'ambo, alisema, imetengeneza dawa mpya, na inataka kuijaribu kwa watoto kama wetu. Nusu ya watoto watapewa dawa yenyewe. Nusu nyingine watapewa kidonge kitupu kinachofanana nayo kwa kila kitu. Mama hatajua mwanawe anapewa kipi, na daktari naye hatajua, mpaka mwisho.

Watu wakakunja nyuso. Sista Jesca akatafuta mfano.

"Chukulieni chai mbili," alisema. "Hii ina sukari, hii haina. Kwa macho zote chai. Baada ya muda ndiyo tunaangalia nani kanenepa."

Mama mmoja wa Mbagala akanyoosha mkono. "Sasa sista, huyo wa chai isiyo na sukari kosa lake nini?"

Tulicheka. Sista Jesca naye alicheka, kisha akafunua ukurasa unaofuata. Swali lile mpaka leo halijajibiwa.

Mimi nilitia sahihi kwa sababu ya ahadi moja. Walisema mwishoni, dawa ikionekana inafaa, kila mtoto atapewa yenye sukari bila kulipia, hata yule aliyekuwa anapewa tupu. Nikasema moyoni, hata kama Anwar ataanza na tupu, atamalizia na dawa. Nitavumilia. Kuvumilia ndiyo kazi ninayoijua.

Tulirudi nyumbani, mimi na Tekla, kila mtu na chupa yake nyeupe yenye jina la mtoto. Kabla sijavua hata baibui nilikilamba kidonge cha Anwar. Kichungu kama shubiri. Nikavuka ua, nikakilamba cha Lusungu. Kichungu vile vile. Tekla alicheka mpaka akakaa chini, lakini mimi sikucheka. Walikuwa wameshaufikiria ulimi wangu. Huko waliko, mtu msomi alikaa mezani akasema, mama atalamba, tukitie uchungu. Aliyeweza kufikiria ulimi wa mama kisha akashindwa kufikiria moyo wake, huyo simsamehe.

Kilichofuata ni kuchunguzana. Ua mzima ulikuwa unawatazama watoto wawili. Haikuchukua muda, Lusungu akaanza kuchanua. Macho yakaacha umanjano, akaanza kula bila kubembelezwa, jioni moja tukamwona anaruka kamba na wenzie. Anwar wangu mifupa ikambana, akatulia, ikambana tena, safari hiyo akalazwa. Kina mama wa bombani wakatoa hukumu kabla ya daktari: Lusungu kapata yenye sukari, maskini Anwar kaangukia tupu. Niliamini kabla yao. Nilikuwa nikimwona yule binti akiruka kamba namchukia, mtoto wa watu asiyejua lolote, kisha naingia ndani najizaba makofi kwa aibu.

Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali, Tekla alikuja chumbani kwangu mchana. Mkono mmoja kashika chupa ya Lusungu, mwingine ile sahani yake ya maua.

"Mama Anwar, lete chupa yako."

"Ya nini?"

"We lete."

Akakaa mkekani, akamwaga vidonge vya Lusungu kwenye sahani, akamwaga na vya Anwar juu yake. Akavichanganya kwa vidole taratibu, kama anachambua mchele.

"Mama Lusungu, unafanya nini?"

"Mie siwezi," alisema bila kuinua uso. "Siwezi kumwona wangu anaruka kamba na wako anagaragara. Sikulelewa hivyo. Watagawana."

"Na wako akirudi alikokuwa?"

"Atarudi nusu, na wako atatoka nusu. Afadhali."

Akavijaza kwenye chupa zile mbili sawa kwa sawa, akafunga vifuniko, akanipa ya kwangu. Nililia. Nilimshika ule mkono nikaubusu, na yeye akauvuta akasema niache mambo ya ajabu, nzi wanaingia. Tangu nizaliwe sijapewa kitu kikubwa kama kile. Mtu amechukua uhai wa mwanawe, kwa jinsi tulivyoamini siku ile, akaugawa na mtoto wangu kwenye sahani ya kulia mihogo.

Ikawa ndiyo desturi. Kila tukitoka kliniki na chupa mpya, kabla ya kuwasha jiko, tunakaa mkekani kwangu tunachanganya. Vidonge vilivyobaki wakivihesabu kliniki vilitimia, na Sista Jesca alitusifu mbele ya wenzetu, akasema akina mama wa Mtoni ni mfano. Tulitazamana na Tekla tukainamisha vichwa, tunabana kicheko.

Anwar hakupona wala hakuzidiwa. Tukasema ndiyo nusu yenyewe. Masika yalipoingia ikawa zamu ya Lusungu, mifupa ikambana kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze, akalia mpaka sauti ikakauka. Nilikanda mguu wake mmoja, Tekla mwingine, nikawa nasubiri aniambie: unaona, huyu alikuwa mzima. Hakuniambia. Ningekuwa mimi ningesema.

Kisha tukaitwa wote kliniki, na safari hii hapakuwa na soda.

Aliyesimama mbele hakuwa Sista Jesca. Alikuwa Daktari Adelard mwenyewe, mkuu wa utafiti ule pale kwetu, Mhaya mmoja mpole ambaye huwapigia watoto goti ndiyo awasalimie. Siku ile hakumsalimia mtu. Alisema utafiti umefungwa. Kampuni iliyotengeneza dawa imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na hiyo kubwa imeangalia matokeo ya kituo chetu, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na watoto, ikaona waliopewa dawa na waliopewa tupu hawana tofauti ya maana. Kwa hiyo wameiacha. Pesa wanazipeleka kwenye dawa nyingine.

"Dawa ya nini?" aliuliza yule mama wa Mbagala.

"Ya kupunguza unene. Ndiyo inayouzika huko kwao."

Ukumbi ulipiga kelele. Nilikumbuka chai ya Sista Jesca, eti tutaangalia nani kanenepa. Kumbe wamemwona aliyenenepa, tena ni wa kwao, na dawa ikamfuata huko huko.

Daktari Adelard akainua mkono. Hakuwa amemaliza. Nikaona kwamba huyu mtu naye amekasirika, tena anatukasirikia sisi.

"Tumepima damu za watoto wenu," alisema. "Watoto waliokuwa wanapewa kidonge kitupu wamekutwa na dawa kwenye damu. Si mmoja. Ni wengi. Naomba mtu anieleze imeingiaje."

Niligeuza shingo kidogo. Yule mama wa Mbagala alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga. Ndugu wawili wa Keko, wanaokuja kliniki pamoja siku zote, walikuwa wanatazama sakafu. Benchi la nyuma lote lilikuwa linatazama sakafu. Nikaelewa. Hatukuwa sisi peke yetu. Temeke nzima watu walikuwa wamekaa mikekani na sahani zao.

Tekla akasimama.

"Sie tulichanganya, Daktari. Mie na jirani yangu."

"Na sie," akasema mmoja wa wale ndugu.

"Sie tulikuwa tunapeana kwa zamu," akasema mama wa Mbagala. "Leo wangu, kesho wa wifi yangu."

Daktari alishika kichwa. "Mmeiua," alisema. "Mmeiua dawa nyie wenyewe! Ilikuwa inafanya kazi. Nimeona watoto wachache ambao mama zao hawakuchanganya, ilikuwa inafanya kazi! Lakini wachache hawatoshi. Kazi yote hii, akina mama! Kwa nini?"

Nilijikuta nimesimama, mkono umeshika bega la Tekla.

"Daktari, shikamoo."

Aligeukia makaratasi yake.

"Nasema shikamoo, Daktari."

"Marahaba."

"Unauliza kwa nini. Mie nakuuliza wewe. Mlituita hapa, mkatwambia huyu mtoto anapewa dawa na huyu anapewa unga. Mkatwambia wote wanaumwa sawa. Kisha mkaturudisha kwenye ua mmoja, bomba moja, ukuta mmoja, huyu akilia huyu anamsikia. Nyie mlitegemea nini? Kwenu Bukoba mtu akipika wa jirani analala njaa?"

"Mlitia sahihi, mama."

"Tulitia sahihi tutawapa watoto dawa. Tumewapa."

"Ukurasa wa mwisho umeandikwa wazi. Dawa asipewe mtu mwingine."

"Hatukumpa mtu mwingine!" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Lusungu si mtu mwingine! Mnatafiti damu yetu mpaka mnajua kilichomo, mnashindwa kutafiti tunavyoishi? Kumbe nani kaiua hiyo dawa? Na ile ahadi, Daktari? Kila mtoto atapewa. Ipo wapi?"

Alisema kwa sauti ya chini kwamba kampuni iliyoahidi haipo tena. Hivyo tu. Mtu anakuahidi uhai wa mwanao, kisha anauza jina lake na ahadi inakufa naye. Mimi nikikopa gengeni, nikibadili jina, deni litaniacha? Lakini wao wakubwa, na mwenye nguvu mpishe.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Chupa zilizokuwa stoo, kamati ya maadili iliamuru zigawiwe watoto waliokuwa wanapewa dawa yenyewe, wasikatishwe ghafla. Waliokuwa wanapewa tupu hawakuwa na cha kukatishwa. Tukaambiwa tuingie chumbani kwa daktari mmoja mmoja, tuambiwe mtoto alikuwa upande gani.

Tekla aliingia kabla yangu. Alitoka mikono mitupu na uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Sikupata nafasi ya kumwuliza, nikaitwa.

Daktari Adelard alitazama kompyuta yake, akatoa mfuko wa khaki mezani.

"Anwar alikuwa kwenye dawa."

"Hapana, Daktari. Umekosea. Lusungu ndiye aliyekuwa kwenye dawa."

"Lusungu alikuwa kwenye kidonge kitupu. Tangu mwanzo."

"Lakini alikuwa anaruka kamba!"

"Watoto wa ugonjwa huu huwa wanapata vipindi vizuri vyenyewe, mama. Unajua hilo. Na dawa hii haikuwa ya haraka. Anwar alikuwa bado, ilikuwa inaanza kumshika. Mngemwacha nayo..." Hasira ilikuwa imemtoka, alionekana mzee.

Nikaiona kichwani ile sahani mkekani, na vidole vya Tekla vinachambua. Alikuja kunigawia chake, kumbe alikuwa anakigawa changu. Kila siku tuliyochanganya, Anwar alinyang'anywa nusu ya dawa akatiliwa unga, na mimi nikambusu mkono aliyemnyang'anya.

"Nikimgawia Lusungu hizi?" niliuliza. "Nusu kwa nusu?"

"Nusu ni bure. Tumeona kwenye damu zao. Nusu haimsaidii yeyote. Mtoto apate yote au asipate." Akasukuma mfuko. "Hizi zitamfikisha Anwar karibu na mfungo wa Ramadhani."

"Zikiisha?"

Akageukia kompyuta.

Tulichukua bajaji, mimi na Tekla, mfuko wa khaki upo mapajani kwangu. Tulishika Kilwa Road. Tulipokaribia kukata kuingia mtaani ndipo aliposema.

"Lusungu alikuwa tupu."

"Nimeambiwa."

"Kwa hiyo wako..."

"Wangu alikuwa na dawa."

Nilimwona akipiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi. Aliweka kiganja mdomoni. "Mungu wangu, mama Anwar. Nimemla mwanao."

Nilitakiwa kusema, hukujua. Nilitakiwa kusema, ulinipa kwa moyo safi, tulichanganya wote, chupa nilikuletea mwenyewe. Yote hayo ni kweli na nilikuwa nayo ulimini. Nilinyamaza. Nilikuwa namchukia, na nilijua simchukii kwa haki, na kujua huko kulinizidishia chuki. Wale wenye kosa wako ng'ambo wanapunguza watu unene, siwafikii. Tekla alikuwa hapa, goti lake linagusa langu.

Tulifika, akashuka akaingia kwake bila kugeuka. Ua ulikuwa umeshajua, habari mbaya hazingoji bajaji. Kina mama wa bombani waliuona mfuko wangu na mikono mitupu ya Tekla, wakaacha kufua.

Nikaingia ndani. Anwar alikuwa kajilaza, ananitazama kwa macho yake ya njano. Juu ya kabati ilikuwepo sahani ya maua mekundu. Asubuhi ile kabla hatujaenda kliniki Tekla alituletea viazi vitamu, tukala, nikaiosha, nikaiweka pale ingoje zamu yangu.

Nilimpa Anwar kidonge kutoka chupa mpya. Alikimeza, akakunja uso kwa uchungu wake. Kutoka ng'ambo ya ua nikasikia Lusungu anaanza. Kilio kile, cha kuishiwa pumzi. Siku nyingine zote ningekuwa nimeshavuka na beseni.

Nilikaa kitandani na chupa mkononi. Nikisema nigawane, naua wawili. Nikisema nimpe Lusungu yote, ndiyo ningekuwa mtu mwema wa kusimuliwa, na Anwar wangu namzika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikauma, na haikuwepo, kwa sababu walioiondoa walikuwa wameshaiondoa huko mezani kwao. Nikaitazama sahani. Niliwaza kutia ndimu. Nilikuwa nazo, ndimu nzuri za Lindi. Nilikuwa na unga, nilikuwa na sukari. Lakini ua mzima ulijua sahani ile inangoja kitu gani, na Tekla alijua kuliko wote. Nikimpelekea ndimu nitakuwa namfanyia kejeli juu ya mwanawe anayelia.

Basi nikaichukua hivyo hivyo, tupu. Nilipotoka nje kina mama walinyamaza, wakaangalia sahani, wakaangalia uso wangu, mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Nilitamani kuwageukia niwaambie: tazameni vizuri, watafiti wanasema utafiti wao umeshindwa. Haujashindwa. Walitaka Mtoni kila mama ale chake peke yake, mimi nimeshafuzu.

Nilibisha. Tekla akafungua, nywele zimefumuka, mikono imelowa maji ya kukandia. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, vile unavyopokea sahani yenye kitu, akaitazama ndani. Nilimngojea anitukane. Wallahi nilitaka anitukane, anirushie usoni, angalau tugombane mbele za watu yaishe.

"Anwar keshameza?" aliuliza.

"Keshameza."

"Ile mpya?"

"Ile mpya."

Nyuma yake Lusungu alikuwa anamwita mama yake. Tekla aliifuta sahani kwa pindo la khanga, pande zote, ingawa ilikuwa safi.

"Afadhali mmoja," alisema, akaingia nayo ndani, akafunga mlango.